Kuwasha Linux Nyepesi Kwenye Kompyuta ya UEFI Pekee: Jinsi ya Kutafuta Inapokwama

Kompyuta nyingi za miaka ya karibuni haziwezi tena kuwaka kwa njia ya BIOS, programu ya zamani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta. Kwa muda mrefu UEFI, mrithi wa BIOS, ilikuja pamoja na CSM, sehemu iliyoigiza BIOS ili mifumo ya zamani iendelee kufanya kazi. Mwaka 2017 Intel ilitangaza nia ya kuiondoa ifikapo 2020, na leo katika mashine nyingi chaguo la CSM halipo kabisa. Watumiaji wa distro (matoleo ya Linux) kubwa hawakuathirika sana, lakini wanaopenda distro nyepesi kama Puppy Linux, Tiny Core, antiX au Alpine hukutana na tatizo mara kwa mara, kwa kuwa baadhi ya matoleo yake yalikusudiwa mashine kuukuu na hutunzwa na vikundi vidogo vya watu wanaojitolea.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kuandika flashi, akaichomeka, akawasha mashine na asione alichotarajia. Unahitaji kompyuta ya pili inayofanya kazi, ikiwezekana yenye Linux, na flashi ambayo hujali ikifutwa.

Kwanza, jua imekwama katika hatua gani

Kosa linalopoteza muda kuliko yote ni kubadilisha mambo matano kwa pamoja: kuzima hiki, kuwasha kile, kuandika flashi upya kwa programu nyingine, kisha kuongeza vigezo vya kerneli (kiini cha mfumo) vilivyookotwa huku na huku. Hata mashine ikiwaka, hutajua ni kipi kilichosaidia. Safari ya kuwaka ina hatua nne tu, na kila hatua hufa kwa namna yake.

Hatua ya kwanza ni ya programu dhibiti iliyomo katika ubao mama, yaani UEFI. Hiyo hutafuta ndani ya flashi sehemu yenye mfumo wa faili wa FAT, na ndani yake faili yenye njia maalumu, ambayo kwa prosesa za x86 za biti 64 ni `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Flashi isipoonekana katika menyu ya kuchagua kifaa, au ukiichagua na skrini ikapepesa kisha ikakurudisha palepale bila neno, tatizo liko hapa.

Hatua ya pili ni ya kipakiaji, yaani programu inayopakia kerneli, ambayo mara nyingi ni GRUB. Ukiona `grub>` na kishale kinachokusubiri, au ujumbe kuhusu sahihi isiyokubalika, umefika hatua ya pili na hukuivuka. Hatua ya tatu ni ya kerneli yenyewe: umechagua mfumo katika menyu, skrini ikawa nyeusi, basi. Hatua ya nne ni ya initrd, ule mfumo mdogo wa muda unaotafuta faili za distro kwenye diski au flashi. Ukikwama hapa utaona maandishi mengi yakipita na mwishowe malalamiko kwamba kitu fulani hakikupatikana.

Andika mahali ujumbe wa mwisho uliouona, neno kwa neno, au upige picha skrini. Kisha nenda kwenye sehemu inayohusu hatua hiyo. Hakuna haja ya kuzipitia zote.

Flashi haionekani, au inakurudisha kwenye menyu

Anza na picha ya ISO, yaani faili ya distro uliyopakua, si na flashi. Linganisha jumla yake ya uhakiki na ile iliyotolewa na wenye distro kwa amri `sha256sum`, kwa sababu faili iliyokatika wakati wa kupakuliwa huleta dalili za ajabu ambazo hazifanani na sababu yake. Baada ya hapo uliza swali la msingi: je, picha hii ilitengenezwa kwa ajili ya UEFI kweli? Amri ifuatayo hutoa jibu:

`xorriso -indev distro.iso -report_el_torito plain`

Katika orodha itakayotokea, tafuta mstari wenye neno `UEFI`. Ukiona `BIOS` peke yake, picha hiyo kwa kawaida haitawaka kwenye mashine yako kama ilivyo. Usitosheke na kufungua ISO na kutazama kama kuna folda ya `EFI`, maana baadhi ya distro huficha faili hizo ndani ya picha ndogo ya FAT, na nyingine zina folda hiyo lakini haina kitu cha maana. Toleo dogo la Tiny Core la biti 32 ni mfano wa picha inayotegemea njia ya zamani. Anayetumia mashine ya UEFI achukue toleo la biti 64.

Ikiwa picha ni sahihi, uandishi wa flashi ndio unaofuata. Kwenye Linux, tazama kwanza jina la flashi kwa `lsblk`, kisha andika:

`dd if=distro.iso of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Herufi X ibadilishwe kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa `dd` haiulizi swali, na ukiipa jina la diski yako kuu itaifuta mwanzo wake kabla hujaondoa kidole kwenye kibodi. Jina liwe la kifaa kizima, kama `/dev/sdb`, wala si la sehemu yake, kama `/dev/sdb1`. Anayetumia Windows na Rufus achague `UEFI (non CSM)` mahali pa mfumo unaolengwa. Chaguo hilo likikataa kupatikana, Rufus inakueleza jambo lilelile ambalo `xorriso` ingekueleza.

Ventoy ni programu nzuri, na kwa anayebeba picha kumi katika flashi moja sina la kumshauri zaidi. Hata hivyo, wakati wa kutafuta tatizo iweke kando. Inaongeza kiungo kimoja zaidi katika mnyororo, na mashine isipowaka hutaweza kusema kama aliyeshindwa ni Ventoy au ni distro.

Bado kuna programu dhibiti zisizopenda flashi iliyoandikwa kwa `dd`, hata picha ikiwa nzima, kwa sababu mpangilio wa sehemu ndani ya ISO ni wa mchanganyiko na si kila mtengenezaji aliyeusoma vizuri. Katika hali hiyo, na kusema kweli katika hali nyingi, napendelea kuijenga flashi kwa mkono. Tengeneza jedwali la sehemu za diski la aina ya GPT lenye sehemu moja ya aina ya EFI System, iumbize kwa FAT32, ifungue mahali kama `/mnt`, nakili humo faili zote zilizomo katika ISO, kisha weka GRUB:

`grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/mnt --boot-directory=/mnt/boot --removable`

Neno `--removable` ndilo linaloifanya GRUB iandikwe kwenye ile njia ya `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI`. Kwenye Debian na jamaa zake amri hii inahitaji kifurushi cha `grub-efi-amd64-bin`. Baada yake unaandika mwenyewe faili ya `/mnt/boot/grub/grub.cfg`. Kwa Tiny Core inatosha hii:

```
menuentry "Tiny Core" {
    linux /boot/vmlinuz64 loglevel=3 waitusb=5
    initrd /boot/corepure64.gz
}
```

Faida yake kubwa ni kwamba flashi hii inaandikika. Ukitaka kujaribu kigezo kingine cha kerneli unafungua faili ya maandishi na kuibadilisha, bila kuandika picha nzima upya. Mipaka yake ni miwili. FAT32 haipokei faili moja inayofikia GiB 4, ingawa distro nyepesi mara chache hufika huko. Pili, baadhi ya distro hutafuta flashi yao kwa jina la diski lililoandikwa ndani ya ISO, na jina la FAT halizidi herufi 11, kwa hiyo jina refu likikatwa initrd haitaitambua flashi. Fungua `grub.cfg` ya asili na utazame kama kuna neno `LABEL`. Likiwapo, badilisha kigezo hicho kiendane na jina jipya, au tumia UUID, namba ya utambulisho wa sehemu, inayoonyeshwa na `blkid`.

Biti 32 na biti 64

Hapa watu wengi hudanganyika, kwa sababu prosesa na programu dhibiti ni vitu viwili. Kompyuta ndogo na tableti nyingi zilizotumia prosesa za Intel Atom za kizazi cha Bay Trail, kama ile ya Z3735F, zina prosesa ya biti 64 lakini UEFI ya biti 32. Mashine kama hiyo haiangalii kabisa `BOOTX64.EFI`, inatafuta `BOOTIA32.EFI`, na isipoipata inanyamaza. Ikiwa mashine ilikuja na Windows ya biti 32 huku `msinfo32` ikionyesha kwamba imewaka kwa UEFI, basi UEFI hiyo ni ya biti 32, hata prosesa iwe na uwezo gani. Ukiwa tayari ndani ya Linux, amri hii inakupa jibu la namba moja tu, 32 au 64:

`cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size`

Dawa ni kuweka GRUB mara ya pili katika flashi ileile kwa `--target=i386-efi`. Faili hizo mbili hazigombani, na flashi moja inaweza kuwaka pande zote mbili. Kerneli yenyewe inaweza kubaki ya biti 64, mradi ilijengwa kwa `CONFIG_EFI_MIXED`, chaguo linaloiruhusu kufanya kazi juu ya UEFI ya biti 32.

Hali ya kinyume, yaani kerneli ya biti 32 kwenye UEFI ya biti 64, ina nafuu kidogo. GRUB ya biti 64 mara nyingi huweza kuipakia, lakini kerneli hiyo haitaweza kuzungumza na UEFI baada ya kuwaka, na katika `dmesg`, yaani ujumbe wa kerneli, utaona ikilalamika kwamba biti hazilingani. Matokeo yake ni kwamba `efibootmgr`, zana ya kupanga orodha ya kuwasha ya UEFI, haitafanya kazi. Kwa kutumia mfumo kutoka kwenye flashi si hasara. Kwa kusakinisha, utalazimika kutumia njia ya `--removable`.

Secure Boot

Mashine nyingi zinazouzwa zikiwa na Windows huja na Secure Boot ikiwa imewashwa, na hukubali tu faili zilizotiwa sahihi kwa ufunguo unaoaminika, kwa kawaida ule wa Microsoft. Lubuntu inapita kwa sababu inatumia mnyororo wa Ubuntu, ambamo shim, kipakiaji kidogo cha kwanza chenye sahihi ya Microsoft, inaikubali GRUB, nayo GRUB inaikubali kerneli. Alpine na Tiny Core hazina mnyororo huo.

Ujumbe unaoonekana unaeleza ni nani aliyekataa. Neno `Secure Boot Violation` au `Invalid signature` katika kisanduku chenye sura ya menyu ya mtengenezaji linatoka kwa programu dhibiti yenyewe. `Verification failed: (0x1A) Security Violation` linatoka kwa shim, maana yake shim imekubaliwa ila kinachofuata hakijakubaliwa. `bad shim signature` linatoka kwa GRUB, na kinachokataliwa hapo ni kerneli. Tofauti hii ina maana kwa anayechanganya faili za distro mbili, kwa mfano kuchukua shim na GRUB za Ubuntu ili zipakie kerneli ya Puppy: atapita milango miwili na kusimamishwa wa tatu.

Kwa majaribio, njia fupi ni kuizima Secure Boot katika menyu ya UEFI. Baadhi ya mashine hazionyeshi chaguo hilo hadi uweke nywila ya msimamizi, na nyingine hulifungua tu baada ya kubadilisha aina ya mfumo kutoka `Windows UEFI mode` kuwa `Other OS`. Lakini kabla ya kugusa chochote, ikiwa Windows bado imo katika diski, hakikisha una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), na umeuhifadhi nje ya kompyuta hiyo. Kubadilisha hali ya Secure Boot kunaweza kuifanya Windows iudai ufunguo huo inapowaka tena, na asiyekuwa nao huenda asiweze kufikia faili zake. Kompyuta nyingi za Windows husimba diski bila mwenyewe kukumbuka kama aliwahi kukubali.

Asiyetaka kuizima anaweza kutengeneza ufunguo wake, akaitia kerneli sahihi kwa `sbsign`, na kuuandikisha ufunguo huo katika shim kwa `mokutil --import`. Inafanya kazi, ila kila kerneli mpya itahitaji sahihi mpya, na kwa maoni yangu kazi hiyo inafaa baada ya mfumo kuthibitika kuwaka, wala si wakati wa kutafuta tatizo.

Unapoachwa na `grub>`

GRUB imewaka lakini haikuiona faili ya `grub.cfg`. Andika `ls` upate orodha ya diski na sehemu zake, kisha peleleza moja moja, mfano `ls (hd0,gpt1)/`, hadi uone folda unayoitambua. Ukiipata, wasilisha amri mwenyewe:

```
set root=(hd0,gpt1)
linux /boot/vmlinuz64 waitusb=5
initrd /boot/corepure64.gz
boot
```

Mfumo ukiwaka hivyo, ujue kila kitu kingine ni kizima na kilichokosekana ni faili moja ya maandishi mahali pake.

Skrini nyeusi baada ya kuchagua mfumo

Katika BIOS, kerneli iliweza kutegemea hali ya maandishi ya VGA kuwapo siku zote. Bila CSM hali hiyo haipo. Skrini inapatikana kupitia GOP, huduma ya UEFI inayotoa eneo la kumbukumbu ambalo ukiandika humo, picha inatokea. GRUB inapaswa kuiandaa na kuikabidhi kwa kerneli, na kerneli inapaswa kujua namna ya kuipokea. Kwa hiyo vigezo vya zamani kama `vga=791`, ambavyo bado vimejaa katika mafaili ya distro za miaka iliyopita, havina kazi hapa. Viondoe, na juu ya `grub.cfg` weka mistari hii miwili:

```
insmod all_video
set gfxpayload=keep
```

Hasa ukiona GRUB ikisema `no suitable video mode found` na kwamba inaendelea bila kuona, mistari hiyo ndiyo inayokosekana.

Ikiwa weusi unaendelea, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari wa `linux`. Kigezo hicho huizuia kerneli kutumia viendeshi vya kadi ya michoro na kuiacha na skrini iliyokabidhiwa na UEFI. Picha ikitokea, mkosaji ni kiendeshi cha kadi, pengine kwa sababu kerneli ya distro ni ya zamani kuliko kadi yako. Isipotokea, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika kwa kukutii, kerneli iko hai na kilichokosekana ni njia ya kuonyesha, jambo linaloashiria kwamba ilijengwa bila `CONFIG_FB_EFI` wala simpledrm. Kerneli zilizopunguzwa sana ili ziwe ndogo huweza kupoteza chaguo hilo. Taa ikipepesa yenyewe, kerneli imeanguka. Isipofanya lolote, jaribu `earlycon=efifb keep_bootcon`, ambavyo huifanya kerneli iandike maelezo yake mapema kabisa, kabla ya viendeshi vya kawaida kuamka, na usome mstari wa mwisho ulipoishia.

Initrd haioni diski wala flashi

Sababu nyepesi ni haraka: flashi za USB huchukua sekunde kadhaa kujitambulisha, na initrd ya distro nyepesi haina subira. Tiny Core ina `waitusb=5` kwa ajili hiyo; katika nyingi nyingine tumia `rootdelay=10`. Jaribu pia tundu jingine la USB, hasa ikiwa umepitia kigawanyi.

Ikiwa flashi inaonekana lakini diski ya NVMe ya ndani haionekani kwa `lsblk`, fungua menyu ya UEFI utazame kama hifadhi imewekwa katika hali ya RAID au Intel VMD. Katika hali hiyo diski hujificha nyuma ya kidhibiti kinachohitaji moduli ya `vmd`, na si kila initrd ndogo huibeba. Kubadilisha kwenda AHCI, hali ya kawaida ya diski, hutatua, lakini Windows iliyosakinishwa katika hali ya zamani huenda ikagoma kuwaka hadi itakapowashwa mara moja katika hali salama. Anayeihitaji Windows hiyo ni afadhali achague distro yenye moduli hiyo kuliko kubadilisha hali. Katika tableti na kompyuta ndogo zenye eMMC (hifadhi iliyogandishwa kwenye ubao), kumbuka kwamba diski huitwa `/dev/mmcblk0`, wala si `sda`, kwa hiyo anayeitafuta kwa jina la zamani atadhani haipo.

Imewaka kutoka kwenye flashi, haiwaki baada ya kusakinishwa

Kabla ya kusakinisha, thibitisha kwamba folda ya `/sys/firmware/efi` ipo, dalili kwamba umewaka kwa UEFI. Kisha, ikiwa `efibootmgr -v` inasema `EFI variables are not supported on this system` ilhali folda hiyo ipo, jaribu kwanza kufungua hifadhi ya vigeu:

`mount -t efivarfs efivarfs /sys/firmware/efi/efivars`

Orodha ya `efibootmgr -v` ikionyesha mfumo wako lakini mashine ikaenda moja kwa moja kwenye Windows, badilisha mpangilio kwa `efibootmgr -o`, ukitaja namba ya mfumo wako kwanza. Mfumo usipokuwamo, uongeze, ukirekebisha jina la diski, namba ya sehemu na njia ya faili:

`efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L "antiX" -l '\EFI\antiX\grubx64.efi'`

Zipo programu dhibiti zinazofuta maingizo hayo kila zinapozimwa, au kupuuza kila kitu isipokuwa kile kilichopo katika njia ya kawaida. Kwa hizo, nakili `grubx64.efi` kwenda `\EFI\BOOT\BOOTX64.EFI` katika sehemu ya EFI ya diski, baada ya kuhifadhi nakala ya faili iliyokuwapo. Usiguse folda ya `\EFI\Microsoft`. Pia usiweke kerneli na initrd zako humo bila kupima nafasi, kwa kuwa sehemu ya EFI iliyotengenezwa na Windows mara nyingi ina MB 100 tu. Ziache katika sehemu ya Linux na umwachie GRUB kuzifuata.

Ikiwa hata baada ya hayo umekwama na unataka kumuuliza mtu, mpe matokeo kamili ya `efibootmgr -v`, `lsblk -f` na `cat /sys/firmware/efi/fw_platform_size`, pamoja na jina na toleo la distro, hali ya Secure Boot, na ule ujumbe wa mwisho uliouandika mwanzoni.